Meseji Mia Sita za Siyu

Jumanne, 8 Aprili

Naanza kwa jina la Mola, na kwa penseli ya mume wangu Badawi ya kupimia mbao, kwa kuwa kalamu yangu imekauka. Daftari hili alinitumia Israa kutoka Nairobi. Alisema, "Mama mkubwa, andika humo malalamiko ya wateja, kila siku, usiruke." Leo hakuna aliyelalamika. Kuliko kuacha ukurasa mweupe nitaandika mengine, na Israa akilitaka daftari nitampa jingine.

Kazi yangu, kwa atakayelikuta hili nami sipo, ni hii. Israa, binti wa shemeji yangu Shuaib, ametengeneza mfumo wa kompyuta akauita Daka, kama lile daka la mlangoni tunapopokelea wageni. Ni nyumba moja yenye vyumba vingi. Nyumba za kulala wageni zimo, madrasa zimo, vyama vya maziko vimo, hata fundi cherehani wa hapa Langoni, Lamu, yumo. Kila mmoja ana chumba chake na ufunguo wake, haoni cha mwenzake, lakini paa ni moja na maji ni ya birika moja, lile tangi la mawe la kuogea. Mmoja akioga saa nzima, wenzake wanakosa hata ya kutawadha. Kwa hivyo pana vipimo. Israa alivipa majina ya vyombo vya maji: Kata, Ndoo, Birika, kuanzia kifurushi kidogo mpaka kikubwa. Mpangaji wa Kata ana nafasi ya picha chache na meseji mia sita kwa mwezi. Wa Ndoo zaidi. Wa Birika zaidi ya hao.

Mitambo yenyewe inaangaliwa na kijana mmoja huko Nairobi, Kipchumba. Mimi niko hapa, chumba cha chini cha nyumba yetu, napokea wapangaji, nawaeleza, naangalia taa zao. Mpangaji akitumia sehemu nane kati ya kumi za kipimo chake, taa yake kwenye kompyuta huwa ya manjano. Akikaribia kumaliza huwa nyekundu.

Niliishia darasa la nane, kisha miaka kumi na minne nikaandika kadi za kliniki. Mashine inavyofikiri sijui. Najua kusoma taa na najua kusema na watu. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 11 Aprili

Saa moja na dakika tano asubuhi, kama kila Ijumaa, simu imelia. "Chama cha Maziko Siyu kinawatakia Ijumaa yenye baraka. Tukithirishe kumswalia Mtume." Huyo ni Bwana Famau, katibu wa chama. Namba yangu iliingizwa kwenye orodha yake siku ya majaribio, mwezi wa Januari, na haikutolewa. Mimi ni wa mia na kumi na saba. Baada yangu yuko mtu mmoja tu, na hapo orodha imekwisha.

Badawi ananicheka. "Una mchumba Siyu."

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Mtandao umerudi baada ya Adhuhuri.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo pana malalamiko, Israa atafurahi.

Tangu asubuhi Daka ilikuwa inajikokota. Ustadhi Abdulkadir wa madrasa alipiga simu kwamba anaandika alama za wanafunzi na ukurasa haufunguki. Nikaangalia taa. Zote kijani isipokuwa moja, na hiyo ni ya nyumba ya wageni ya shemeji yangu Shuaib. Alikuwa anapakia picha. Si picha za kawaida. Amemkodi mtu wa kamera kutoka Malindi, kila picha ina uzito wa mlango wa mvule, na amepiga kitanda kimoja mara arubaini.

Nikamfungia kupakia mpaka kesho. Baada ya nusu saa yuko mlangoni, miguu tope.

"Shemeji, nimefungiwa."

"Umefungiwa, ndiyo. Keti, kahawa i motoni."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akaketi, akakunja kikoi vizuri. "Huu mfumo si wa mwanangu?"

"Ni wa mwanao."

"Nami babake natiwa kufuli kwa mfumo wa mwanangu."

"Shuaib, una kifurushi cha Ndoo na unataka kunywa birika. Watoto wa madrasa hawapati alama zao kwa ajili ya vitanda vyako."

"Ni kitanda kimoja," akasema. "Lakini kimepigwa kwa upande wa dirisha, kwa upande wa chandarua, na juu."

"Juu alipandaje?"

"Juu ya kabati. Limevunjika."

Tulicheka mpaka Badawi akaja na patasi mkononi kuuliza kuna nini. Lakini kufuli sikuifungua. Kipimo ni amana. Nikimwongezea ndugu kwa kuwa ni ndugu, yule fundi cherehani asiye na ndugu hapa nitamwambia nini? Shuaib amekunywa vikombe vitatu, akaondoka amenuna kidogo. Usiku huu huu atakuwa ameshasahau, namjua.

Jumatatu, 21 Aprili

Picha za Shuaib zimepunguzwa. Kitanda kimoja, mara sita tu.

Alhamisi, 24 Aprili

Famau kapiga simu. Ni mara ya tatu wiki hii. Mungu anisamehe, nikiliona jina lake kwenye simu nashusha pumzi kwanza.

Anataka kujua zimebaki ngapi. Namjibu, namwambia pia anaweza kujiangalia mwenyewe. Ananiambia ameshaangalia, anataka kuhakikisha. Huyu mtu anahesabu meseji kama mshona kofia anavyohesabu matundu. "Bi Tima, sisi tu watu mia na kumi na wanane. Ijumaa nne kwa mwezi moya, hizo ni mia nne na sabini na mbili. Msiba moya, mia na kumi na nane. Jumla mia tano na tisini. Zabaki kumi."

"Na ukija msiba wa pili, Bwana Famau?"

"Mungu aepushe. Wa pili tutapiga simu kwa mkono."

Nikamwambia bora ahamie Ndoo, au apunguze salamu za Ijumaa. Akakataa. "Chama ni cha wavuvi na wakulima, Kata yatutosha. Na salamu, Bi Tima, wazee wengine hawana mtu awapigiaye simu wiki nzima. Hiyo meseji yangu ndiyo mtu aliyewauliza hali."

Nikamwambia basi, azitume. Lakini bado naona ni mtu wa kuchosha.

Ijumaa, 2 Mei

Salamu za Famau. Mvua kubwa, maji yameingia ukumbini, kompyuta nimeiweka juu ya sanduku la nguo.

Ijumaa, 9 Mei

Salamu za Famau. Saa moja na dakika tano.

Jumanne, 13 Mei

Tumepata wapangaji wawili wapya, chama cha akina mama wanaosuka mikeka na duka la vyombo vya nyumbani. Wote Kata. Nimewaeleza vipimo kwa kuwaonyesha mtungi wetu wa maji, wamefahamu haraka kuliko nilivyofahamu mimi.

Ijumaa, 16 Mei

Famau. Badawi: "Mchumba hasahau."

Jumanne, 20 Mei

Nimezungumza na Kipchumba karibu saa nzima. Aliniuliza kwa nini niliwaongezea wale wa mikeka meseji hamsini. Nilimwambia walikuwa na arusi. Akasema, "Mama, ukiwaonea huruma mmoja mmoja, seva itakufa na wote watakosa. Kikomo ni kikomo." Ni kweli, na ndiyo maneno yale yale niliyomwambia Shuaib. Hata hivyo niliumia kidogo kuyasikia kwa mtu mwingine.

Akaniuliza pia kama Lamu tunakula ugali. Nilimwambia tunaula tukiwa wagonjwa. Kacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Ijumaa, 23 Mei

Salamu. Jua limetoka.

Alhamisi, 29 Mei

Mwezi umeandama jana, leo ni Mfungo Tatu mosi, mwezi wa Hija. Alhamdulillahi tumezifikia siku kumi bora. Nimefunga.

Ijumaa, 30 Mei

Salamu za Famau, saa moja na dakika tano. Taa ya Siyu ilikuwa kijani jana, leo imeruka manjano yote ikawa nyekundu. Nikaiona. Nikasema moyoni, keshokutwa ni tarehe moja, kipimo kitajijaza chenyewe Alfajiri, sina haja ya kumpigia akanishika saa nzima na hesabu zake. Nikaenda kuanika nguo.

Jumamosi, 31 Mei

Siku tulivu. Nimefunga, nimepika samaki wa kupaka kwa futari. Badawi amemaliza kizingiti cha mlango wa Shela, maua kumi na mawili na hakuna linalofanana na jingine.

Jumapili, 1 Juni

Nitaandika yote, nisijionee huruma.

Nimemaliza kuswali Alfajiri, bado niko juu ya msala, simu ikalia. Nikasoma: "Inna lillahi wa inna ilaihi raji'un. Bi Barka wa Siyu amefariki asubuhi hii. Atazikwa leo baada ya Adhuhuri. Chama cha Maziko Siyu."

Bi Barka nilimjua. Ni mtu mzima aliyelea watoto wa watu wengi kuliko aliowazaa. Nikamuombea, kisha nikampigia Famau nimpe pole na nimuulize kama boti ya asubuhi itawahi mazishi.



"Bi Tima," akasema, "Bi Barka tumemzika jana."

Nikamwambia nina meseji yake mkononi, imesema leo.

"Niliituma jana, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Simu ikaniambia kumi zimekwenda, mia na nane zinasubiri. Hapa wakati wa mvua kila kitu chasubiri. Nikadhani ni mtandao, zitakwenda. Saa hii ndiyo zakwenda. Kuna watu wawili wa Pate wameshanipigia wakivaa kanzu za mazishi, waniuliza ni Bi Barka yupi tena aliyekufa."

Nikashuka chini, simu sikioni, nikaifungua kompyuta. Ijumaa tano za mwezi wa Mei: pili, tisa, kumi na sita, ishirini na tatu, thelathini. Mara mia na kumi na nane. Mia tano na tisini. Zilibaki kumi.

"Bwana Famau, ulituma salamu mara tano."

"Mara nne," akasema. "Ya tano ilikuwa ya Mfungo Tatu. Mwezi uliandama Jumatano, mimi mwenyewe niliuona kwa mato yangu. Nilituma Ijumaa nikijua kipimo kimeshajaa. Mkataba wenu waandika kila mwezi kinajaa."

Hapo ndipo nilipoketi. Chama cha Siyu kimeandika vitabu vyake kwa mwezi wa kuandama tangu kabla Famau hajazaliwa. Ada, hitima, zamu za kuchimba kaburi, vyote Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu. Mimi mwenyewe nafunga kwa mwezi huo, naswali Idi kwa mwezi huo, lakini ofisini nimetundika kalenda ya duka la saruji, na mfumo wetu unaifuata hiyo. Katika miezi mitano ya kuzungumza na Famau kuhusu hesabu haikunipitia akilini kumuuliza anahesabia wapi.

Na zile kumi zilizokwenda zilikwenda kwa nani? Orodha yake inaanza na imamu na wazee wa karibu na msikiti, watu waliokwisha kusikia kwa kipaza sauti. Walio mbali wako chini kabisa, kwa kuwa waliandikishwa mwisho. Wa mia na kumi na nane, yule aliye chini yangu, ni Uthman. Anafanya kazi ya kuziba na kupaka rangi boti Ras Kitau. Bi Barka alimchukua akiwa na siku nne, mamake alipokufa, akamnyonyesha pamoja na mwanawe. Ni mwanawe wa ziwa. Famau kanieleza kwamba jana watoto wa marehemu kila mmoja alidhani mwenzake amempigia, na wote walijua chama kimetuma meseji. Alikuja kujua baada ya Alasiri, mtu mmoja kati ya wale kumi alipompigia kumpa pole na kumuuliza, mbona hatukukuona?

Leo Alfajiri, kama sekunde mbili baada yangu, naye amepata meseji ya kumwambia kwamba mamake atazikwa leo.

Nimempigia Israa. Amelia kidogo, kisha akasema Siyu wakiondoka Daka, Faza na Kizingitini watawafuata, na miaka mitatu ya kazi yake itakuwa imekwenda. "Mama mkubwa, kesho ukienda hitimani waambie ni hitilafu ya mitambo. Si uongo. Basi, usiseme zaidi."

Mimi niliiona ile taa. Nilianika nguo.

Jumatatu, 2 Juni

Tumekwenda Siyu, mimi na Badawi. Mkono wa bahari wa Siyu hauingiliki ila maji yakijaa, na leo hayakuwa yamejaa, tukashukia Mtangawanda tukapanda pikipiki, kisha njia ikawa tope tukatembea. Badawi alibeba viatu vyangu. Hakuniuliza nitasema nini.

Hitima imesomwa nyumbani kwa marehemu. Baada ya chakula wanaume wa chama walikaa barazani nje, sisi wanawake ndani, dirisha likiwa wazi. Famau akasema, "Bi Tima yuko ndani, ana neno." Nikasogea dirishani. Sikuwaona vizuri, niliona kofia na migongo, na kijana mmoja amesimama peke yake karibu na ukuta, shati lina rangi ya boti. Nikajua ndiye.

Mzee mmoja akaanza. "Tangu zamani mtu akifa twamtuma mtu kwa mguu na mtu kwa mashua, na hakuna aliyekosa kuzika. Yeo tuna kompyuta na mwana amekosa kumzika mamake. Basi kompyuta ina kazi gani?"

Nilikuwa nimepanga kuanza na kalenda mbili. Ingekuwa kweli, na lawama ingegawanyika vizuri kati yangu na Famau. Lakini niliona mgongo wa Famau. Ameuinamisha tangu tufike, na watu wameacha nafasi kila upande wake barazani.

Nikasema, "Bwana Famau hana kosa. Hesabu yake ilikuwa sawa kwa mwezi anaoujua. Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia kwamba mfumo unafuata mwezi mwingine, na sikumwambia. Na Ijumaa niliona taa ya chama chenu imekuwa nyekundu. Simu ilikuwa mkononi. Sikupiga kwa kuwa nilichoka kusikia hesabu. Nawaomba msamaha, nyote, na wewe Uthman zaidi ya wote."

Ndani, bibi mmoja alinishika mkono. Nje Uthman akasema, taratibu, bila ukali, na afadhali angepiga kelele:

"Alinichukua nina siku nne. Mimi nilitaka kumtilia mchanga mara tatu tu. Mkono huu."

Akaondoka. Nilisikia ndala zake mpaka mwisho wa ukuta.

Wazee wakashauriana. Wamesema hawatatoka Daka leo, ni siku ya hitima, si siku ya kuamua. Wametupa mpaka mwezi wa Mfungo Nne uandame. Famau alitusindikiza. Njiani alisema neno moja tu. "Hukunilaumu."

"Kuna haja gani?"

Kanichukulia viatu kutoka kwa Badawi, akavibeba mpaka pikipikini.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwambia Israa nilichosema. Akasema, "Bas, sawa. Na sasa tufanye nini?" Huyo ndiye mtoto niliyemfundisha Juzuu Amma.

Tumempigia Kipchumba sote wawili. Nimeandika, maana nataka kuyakumbuka.

Nimesema: "Kwanza, meseji za msiba zisiwe ndani ya kipimo. Kwa mpangaji yeyote, wa Kata au wa Birika."

"Mama, hapo watu wataandika kila kitu msiba. Hoteli itatangaza vyumba ikisema ni msiba."

"Kipchumba, mwanangu, huku hakuna mtu atakayetangaza kifo cha uongo ili aokoe meseji. Akifanya, watu watakuja na sanda."

Akafikiri. "Sawa. Na zikikwama zisingoje foleni. Zikishindwa kwenda, simu ya katibu ilie, na yako ilie."

"Hiyo ndiyo. La pili, mpangaji achague kipimo chake kijazwe kwa mwezi gani."

"Hiyo rahisi. Huo wenu unaanza tarehe ngapi?"

"Ukiandama."

"Ndiyo, lakini lini?"

"Hatujui. Siku ya ishirini na tisa jioni watu wanautazama. Ukionekana, umeanza. Usipoonekana, kesho yake."

"Kuna hesabu za kisayansi, Mama, naweza kuziweka mpaka mwaka elfu mbili na mia moja."

"Hesabu itasema upo, na watu wa Siyu hawajauona. Tutakuwa tumerudi pale pale."

Nilimsikia akigonga meza kwa kalamu. "Kwa hivyo seva yangu itangoja mtu aangalie juu."

"Ndiyo."

"Basi naweka kitufe. Mtu akiuona mwezi, anabonyeza. Hakibonyezeki kabla ya siku ya ishirini na tisa, asije mtu akajaza kila wiki. Na ikifika siku ya thelathini na moja hakuna aliyebonyeza, kinajaa chenyewe. Kiitwe nini?"

"Mwezi Umeandama."

Akaniomba nimtajie herufi moja moja.

Jumamosi, 7 Juni

Idi njema. Shuaib ametuletea mguu wa mbuzi. Amesikia habari za meseji za msiba. "Shemeji, na mimi nikitangaza nimekufa, nitaongezewa nafasi ya picha?"

"Tutakuzika kwanza, kisha tutaziangalia."

Badawi akamwambia, "Jeneza nitachonga mimi, lakini utapigwa picha moja tu."

Ijumaa, 13 Juni

Saa moja na dakika tano, kimya. Saa mbili, kimya. Ijumaa iliyopita pia haikuja, nikadhani ni kwa ajili ya Idi. Nimejikuta nasafisha simu kwa kanga, kama ina vumbi. Nilimpigia Famau. Anasema hatatuma tena, anaona haya. Nilimwambia salamu hazikumuua mtu. Akasema, "Najua, Bi Tima. Lakini kidole hakiendi."

Jumanne, 17 Juni

Kitufe kiko tayari. Nimekijaribu, kimekataa kubonyezeka, maana leo ni siku ya ishirini. Nimefurahi kukataliwa.

Ustadhi Abdulkadir naye anataka madrasa yake ifuate mwezi wa kuandama. Shuaib hataki, wageni wake wanakuja kwa tarehe za ndege. Kila mtu na chumba chake.

Ijumaa, 20 Juni

Hakuna salamu. Mvua zimekwisha. Upepo wa kusi unavuma, nguo zinakauka kwa saa moja.

Jumatatu, 23 Juni

Famau kapiga simu na sikushusha pumzi. Kasema chama kimekaa jana kuzungumza nani apewe kitufe. Wote walimtazama yeye, naye akakataa. Uthman alikuwepo, alikuja kuzuru kaburi. Alikuwa amekaa mwisho wa baraza, akasema, "Nipeni mimi. Mimi sitasahau." Wakampa. Na ufunguo wa kutuma meseji wakampa vilevile.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Amesema lolote juu yangu?"

"Hakusema," Famau akasema. "Siwezi kukudanganya."

Alhamisi, 26 Juni

Leo ni ishirini na tisa. Magharibi tumeswali juu darini, kisha Badawi akabaki akitazama upande wa machweo, akasema anadhani anauona, kisha akasema ni waya wa umeme. Nikashuka ofisini, nikaifungua kompyuta nikakaa na tasbihi.

Taa ya Siyu ilikuwa kijani, na chini yake: zimetumika 108 kati ya 600. Nikaendelea na tasbihi. Halafu bila sauti yoyote hesabu ikageuka: zimetumika 0 kati ya 600. Mwezi umeandama. Aliyebonyeza: Uthman, Ras Kitau.

Kutoka darini Badawi ananiita, "Tima, ndiyo ule, njoo uone." Nikamwambia nimeshauona.

Ijumaa, 27 Juni. Mfungo Nne mosi, mwaka mpya wa Hijria

Wazee wa Siyu wamemtumia Israa neno lao jana usiku. Wanakaa Daka. Israa kanipigia Alfajiri, hajui acheke au alie, nikamwambia aswali kwanza.

Kisha nikapika chai, na saa moja na dakika tano simu ikalia.

"Chama cha Maziko Siyu kinawatakia Ijumaa yenye baraka na mwaka wa kheri. Tukithirishe kumswalia Mtume. Tumuombee mama yetu Bi Barka, na tusameheane. Uthman."

Nimeisoma mara mbili. Badawi akauliza, "Mchumba amerudi?" Nikampa simu asome mwenyewe, hakutania tena.

Nikafungua kompyuta kuona kama zote zimekwenda. Mia na kumi na nane, hakuna inayosubiri. Famau ameipindua orodha kwa mkono wake, jina moja moja, bila kuniambia. Walio mbali wako juu, na wale wa karibu na msikiti, imamu na wazee, wako chini kabisa.

1. Uthman. Imefika.

2. Tima. Imefika.